Redio na Ile Programu ya Bure

Ukifika ofisi ya maji ukamuulizia kwa jina lake la kwenye cheti, mlinzi atakukodolea macho na kukuambia mtu huyo hayupo. Muulizie Redio. Hapo atakuelekeza bila hata kufikiri: panda ngazi hizo, kata kushoto, chumba cha wachapaji, meza iliyo karibu na dirisha. Dirisha lenyewe halimsaidii kitu zaidi ya upepo, maana Redio haoni. Macho yake yalizimika akiwa darasa la tatu, na tangu hapo amefanya kila kitu kwa vidole na masikio, kuolewa kukiwemo. Anasema mumewe alimchagua kwa sauti, na kama sura yenyewe ni mbaya, hiyo ni shida ya wanaomtazama.

Jina la Redio alilipata wiki ile ile aliyokabidhiwa kompyuta. Ndani yake mna programu inayomsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sauti kavu ya mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Siku hizo hakuwa na kisikilizio cha kuvaa sikioni, kwa hiyo chumba kizima kilisomewa barua za ofisi kutwa nzima, pamoja na barua moja ya onyo iliyokuwa siri ya wakubwa. Kisikilizio kilinunuliwa haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kununuliwa pale. Lakini jina lilikuwa limeshashika.

Wengi wa wanaomtania leo hawajui alikotokea. Siku yake ya kwanza kazini alipokelewa na mtu aliyemtazama usoni, akaona haoni, akasema, "Huyu simu inamfaa." Basi. Akapelekwa chini, kwenye meza ya simu iliyo nyuma ya mlango, kwenye kiti chenye mguu mbovu, akawa anapokea malalamiko ya watu waliokatikiwa maji. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuchapa. Na kuchapa alikuwa anajua hasa, alijifunza shuleni mpaka vidole vikaota sugu. Miaka ikapita. Aliandika maombi ya kupandishwa, akaandika tena, akaandika tena, yote akiyachapa kwa kuazima mashine za wenzake wakati wa chakula, hadi mkurugenzi mmoja alipouliza ni nani huyu anayeandika barua safi namna hii halafu anaomba kazi ya kuandika barua. Ndivyo alivyopanda zile ngazi. Mimi nasema alizipanda kwa meno.

Na huko juu hakwenda kuzubaa. Kazi aliyopewa ni taarifa ya mwezi, ile inayokwenda kwa wakuu wote. Watu wa mabomba wanaleta sehemu yao, watu wa maabara yao, wa wateja yao, wa majitaka yao, na kila mmoja anaandika anavyojua mwenyewe. Redio anazichukua hizo takataka zote, samahani, hizo sehemu zote, na kuzifanya kitu kimoja. Karatasi zikitoka kwenye printa huziinua zikiwa bado na joto, akazigonga mezani zikalingana, na kwa muda mfupi uso wake unakuwa uso wa mtu aliyejenga nyumba.

Jirani yake mle chumbani ni Mzee Rula, mchapaji wa siku nyingi kuliko wote. Jina hilo nalo si la kubandikwa bure. Ana rula ya mbao ambayo huiegemeza kwenye skrini kupima kama safu za tarakimu zimenyooka, na zisiponyooka anazisukuma kwa kitufe cha spesi, kile cha kuacha nafasi, ta, ta, ta, ta, mpaka zitii. Kurasa zake ni maridadi ajabu. Matangazo yake yakibandikwa ukutani watu husimama kuyatazama hata kama hayawahusu.

Sasa, mwaka mmoja mkurugenzi aliyekuwepo, mama mmoja mwepesi wa kuamua na mzito wa kubadili uamuzi, aliwaita wachapaji wote ofisini kwake. Alikuwa na fundi kompyuta pembeni, jamaa mwenye upara na kicheko kinachomtangulia kila aendako. Akasema ofisi imechoka kulipia programu ya kuandikia kila mwaka ilhali kuna nyingine ya bure inayofanya kazi ile ile. Hatakurupuka. Kwa miezi mitatu zitatumika zote mbili bega kwa bega: taarifa ya mwezi itaandikwa mara mbili, mchapaji mmoja kwenye programu ya kulipia, mwingine kwenye ya bure, halafu zilinganishwe. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Na meza ya simu bado iko wazi. Atakayeshindwana kabisa na hiyo mpya, tutamtafutia nafasi pale."

Wenzake Redio walifikiria mafunzo na usumbufu. Yeye alifikiria jambo moja tu: je, hiyo programu inasema? Kama haielewani na ile sauti yake ya debe, basi itakuwa bubu, na programu bubu kwake ni meza tupu. Wangeijaribu watu wenye macho, wangeisifu, ofisi ingehama, na asubuhi moja mtu angemshika mkono kwa upole na kumteremsha ngazi.

"Nani ataichukua hii ya bure?" mkurugenzi akauliza.

Mzee Rula akakohoa. "Mimi na ya kulipia tumezeeka pamoja, Bosi. Usitutenganishe."

"Nipeni mimi," Redio akasema.

Fundi akaanza kucheka, akakiona kicheko hakina mwenzake, akakimeza.

"Una uhakika, Redio?" mkurugenzi akauliza.

"Sina. Ndiyo maana nataka kuwa wa kwanza."

Siku ya kuwekewa programu hiyo alikaa mikono mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Fundi akaifungua. Ile sauti ya debe ikakohoa kidogo, ikataja jina la programu, ikasema ukurasa mtupu. Ilikuwa inasema. Redio akashusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu kwenye kikao. Lakini kusema ni jambo moja na kuelewana ni jingine. Vitufe alivyovizoea vilikuwa vimehamishwa. Kitu alichokipata kwa vidole viwili sasa kilitaka vitatu, na kingine hakikuitika kabisa. Alipomuuliza fundi, fundi akajibu kwa moyo mweupe, "Rahisi tu, bonyeza pale juu, hiyo alama ya bluu." Redio akamgeuzia uso na kusubiri. Baada ya muda fundi akasema, "Oh. Pole."

Mwezi wa kwanza alijikaza kisabuni. Akaimaliza taarifa, akaisikiliza aya kwa aya, kasoro vichwa vya habari. Hivyo alivichapa mwisho, na kwa kuwa anavijua kwa moyo tangu enzi na enzi, hakuona haja ya kuvirudia. Kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba, tuseme kweli. Kwenye kikao cha wakuu mkurugenzi akaichukua taarifa ya bure na kuanza kuisoma kwa sauti.

"Ubora wa majitaka," akasoma. Akaendelea chini yake: "Sampuli zote zilionekana salama kwa kunywa."

Mtu mmoja akavuta kiti. Mkurugenzi akageuza ukurasa.

"Usambazaji wa majitaka. Wakazi wa mtaa wa juu wameshukuru kwa kufikiwa na huduma hii majumbani."

Hapo watu wakaangua kicheko. Mkuu wa maabara alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Redio alikaa wima, masikio yanawaka, hajui hata kosa limepita wapi. Yeye aliandika maji. Vidole vyake viliandika maji, angeapa.

Ilikuja kujulikana baadaye. Programu mpya ilikuwa na tabia ya kukisia. Ukianza neno, nayo ikiwa imeshakutana na neno refu linaloanza hivyo hivyo mle ndani ya taarifa, inakumalizia kwa herufi hafifu pembeni, na ukibonyeza Enta umekubali. Mwenye macho anaziona. Sauti ya debe haikusema lolote. Na Redio, kama mchapaji yeyote wa shule ya zamani, akimaliza kichwa cha habari anabonyeza Enta ashuke mstari.

Jioni ile Mzee Rula alimsogelea wakati wa kufunga ofisi. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililokata maini zaidi.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe una sauti nzuri. Pale kwenye simu hutapatwa na aibu ya namna hii."

Redio akasema asante, kwa sababu alilelewa vizuri.

Nyumbani mumewe alikuwa anapigilia misumari kwenye sofa la mteja. Ni fundi wa sofa, na sebule yao haijawahi kuwa na kiti kilichokamilika. "Mbona umeingia kimya?" akauliza.

"Mume wangu, leo nimewanywesha watu wa mji huu majitaka. Na wameshukuru."

Akamsimulia. Mume akajitahidi, akashindwa, akacheka mpaka nyundo ikaanguka. Kisha akagundua anacheka peke yake. Akaja kukaa karibu naye.

"Kule kwenye programu ya zamani lingetokea hilo?"

"Lisingetokea."

"Basi rudi huko. Nani atakulaumu?"

"Hakuna. Na wakihama, hakuna atakayeniuliza tena. Nitasikia tu simu inalia." Akavua viatu. "Ile simu naijua inavyolia. Sirudi kule kwa sababu ya neno moja."

Mume akaokota nyundo. "Sasa ndiyo naongea na mke wangu," akasema, akaendelea kupigilia.

Kuanzia kesho yake Redio akawa anafika ofisini mapema, kabla kelele za watu hazijaanza. Hakugusa taarifa. Aliingia kwenye mipangilio ya ile programu na kuipapasa yote, orodha baada ya orodha, kama mtu aliyehamia nyumba mpya anavyopita ukutani kwa kiganja kujua mlango uko wapi na ngazi iko wapi. Sauti ikasoma, yeye akasikiliza. Vingi vilikuwa upuuzi. Asubuhi moja ikasoma: kumalizia maneno, imewashwa. Redio akatabasamu tabasamu la mtu aliyemkuta mwizi wake amelala. Akaizima. Halafu, kwa usalama, akaiwasha na kuizima tena, apate raha.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo namvulia kofia. Mwingine angeridhika. Yeye aliendelea kupapasa hadi akakuta vitu ambavyo hata fundi hakuvijua. Alikuta kitufe kimoja ukikibonyeza unasomewa vichwa vyote vya habari vya taarifa nzima, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na unaruka kwenda popote unapotaka. Kwenye ya zamani jambo hilo lilimgharimu safari ndefu. Alicheka peke yake mle chumbani. Kwa mara ya kwanza hakuwa anaivumilia ile programu. Alikuwa ameipenda.

Taarifa ya mwezi wa pili ilisomwa kikaoni mwanzo hadi mwisho. Maji yalikuwa maji na majitaka yalikuwa majitaka. Mkuu wa maabara alionekana kuwa na huzuni kidogo.

Mwezi wa tatu mkurugenzi akaja na jipya. Akataka kila mchapaji ahamishie kazi zake za zamani kwenye programu ya bure na kuzifungua, aone zitakuwaje. Za Redio zilifunguka kama hazijahama. Sababu si muujiza. Redio haoni herufi nene wala herufi kubwa. Ukikuza maandishi kwake ni yale yale. Kwa hiyo siku zote alikuwa anaiambia kompyuta waziwazi: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kichwa kidogo chini yake, hili ni jedwali na hii ni safu yake ya pili. Bila hivyo sauti ya debe ingemsomea uji mtupu. Na kitu ulichokiambia jina lake kinajijua popote kiendapo.

Za Mzee Rula zilikuwa jambo jingine. Kila kilichosimama sawa kwenye kurasa zake kilisimamishwa kwa spesi na jicho. Herufi za programu mpya zilitofautiana upana kidogo tu na za zamani, na hicho kidogo kikatosha. Safu zikatawanyika. Jumla zikadondokea chini ya majina yasiyo yake. Kazi ya miaka mingi, ile waliyokuwa wakisimama kuitazama ukutani, ikalala chali.

Redio hakuyaona hayo. Alisikia ta, ta, ta, ta ya kitufe cha spesi, muda mrefu, ikiongezeka kasi. Halafu ikakoma. Akasikia rula ikilazwa mezani taratibu.

Baada ya muda Mzee Rula akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mdogo wangu. Kule chini. Kile kiti kingali na mguu mbovu?"

Redio alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa tamu, na alikuwa na haki nalo. Angeweza kumwambia ana sauti nzuri. Akalimeza.

"Kingali," akasema.

Kikao cha kuamua kiliitishwa siku iliyofuata. Wakuu wote walikuwepo, na wachapaji wakakaa nyuma ukutani. Mkurugenzi akazipanga taarifa za miezi mitatu mezani, za kulipia huku na za bure kule.

"Redio," akasema, "wewe peke yako ndiye uliyezijua zote mbili vizuri. Umeziona..." akakwama.

"Nimezisikia, Bosi, endelea."

"Tuhame au tubaki?"

Hebu fikiria. Mwanamke aliyepokewa kwa kuambiwa simu inamfaa, leo ofisi nzima imenyamaza inangoja mdomo wake. Neno moja na wanahama, neno moja na wanabaki. Redio alijua hilo, na sitaki kukudanganya kwamba hakulifurahia. Alikaa nalo kidogo.

"Tuhame," akasema. "Ina visa vyake. Majedwali marefu inayasoma kwa kusitasita, na vitufe vyake vinahitaji kuzoewa. Lakini kazi inafanya, na inaongea nami. Tuhame."

Mkurugenzi akachukua kalamu.

"Nina neno jingine," Redio akasema. "Ile meza ya simu."

"Enhe?"

"Nilikaa pale. Si mahali pabaya, na wanaopiga ni watu wenye shida kweli. Ila nilipelekwa na mtu ambaye hakuniuliza ninajua nini. Aliangalia nisichokuwa nacho, akamaliza. Naomba mtu yeyote wa chumba chetu asiteremshwe kule kwa sababu ya asichokijua leo. Atafutwe mtu anayeipenda simu. Hawa niachieni, nitawafundisha mimi."

Mkuu wa maabara akainamia meza. "Na kama watashindwa?"

"Mimi nimejifunza bila kuiona," Redio akasema. "Wao watashindwa vipi na macho mawili kila mmoja?"

Kicheko kilianzia kwa fundi, kikazunguka meza yote, na safari hii Redio alicheka nao. Mkurugenzi alisubiri kipungue. Kisha akamwambia katibu wa kikao, "Andika tunahama. Na andika mafunzo yatakuwa chini ya Redio." Akaweka kalamu chini. "Na lile nililolisema kuhusu simu, sikulifikiria. Lifute."

Pale ukutani Redio alimsikia Mzee Rula akitoa leso, akipenga kamasi kwa kishindo, kama mwenye mafua.

Kesho yake asubuhi kiti kiliburutwa sakafuni kutoka meza ya pili hadi ya dirishani, kikatua karibu naye. Mzee Rula akaketi. Alikuwa amekuja na ukurasa wake mmoja ulioharibika, wa mabomba ya mtaa wa juu; Redio akaufungua kwenye kompyuta yake na kumsogezea kibodi.

"Haya, Mwalimu," akasema. Lile neno alilitamka polepole, kama analipima. "Nianzie wapi?"

"Anza kwa kutoa kidole kwenye spesi."

"Kimetoka."

"Weka mshale kwenye kichwa cha habari. Usikikuze, usikikoleze. Iambie kompyuta kwamba ni kichwa. Bonyeza vitufe vya Kontroli na moja pamoja."

Mzee Rula akabonyeza. Redio akachomoa waya wa kisikilizio chake, naye akabonyeza kile kitufe chake cha kusomewa vichwa vya habari. Sauti ya debe ikatoka, kavu, wazi, chumba kizima kikasikia: "Kichwa cha habari, ngazi ya kwanza. Hali ya mabomba ya mtaa wa juu."

"Umesikia?" Redio akauliza. "Imekuelewa."

Mzee Rula akaomba isome tena.